Joto Lililomwondoa Dafrosa Chumbani

Dafrosa na mumewe Amon walikuwa wakichambua tumbaku uani kwao, Urambo. Kulikuwa na baridi. Ghafla joto likampanda Dafrosa kifuani mpaka usoni. Jasho likamtoka. Akasimama, akanawa uso, akakaa, akasimama tena.

"Mama Xavery, mbona hutulii?" Amon aliuliza.

"Niache."

Hata yeye hakujielewa. Hasira zilikuwa karibu. Hedhi iliruka miezi, kisha ikarudi. Alihofu ana mimba, na umri wake miaka arobaini na tisa. Wakati mwingine alihofu amerogwa. Alikuwa amehamia chumba cha watoto, bila kusema sababu.

"Kesho twende kwa mganga, Usinge," Amon alisema. "Nimechoka kuishi na mtu asiyenitaka."

Maneno hayo yalimchoma Dafrosa. Alijifunga kitenge, akaenda zahanati.

Alipokelewa na Pelagia, muuguzi kijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naona nina wazimu."

Pelagia alimsikiliza, akampima.

"Huna mimba, mama. Presha imepanda kidogo, tutaifuatilia. Hilo joto na hizo hasira ni dalili za kukaribia kukoma hedhi. Mwili unabadilika. Si uchawi."

"Na mume wangu?" Dafrosa aliinamisha uso. "Akinikaribia naumia. Nimemkimbia."

"Huo ni ukavu wa uke, huwapata wengi wa umri wako. Dawa ya kulainisha ipo. Ila mwambie ukweli."

Kisha akamweleza mengine. Anywe maziwa, ale dagaa na mchicha kwa ajili ya mifupa. Apunguze chumvi. Afanye mazoezi ya kutembea. Bado angeweza kushika mimba, kwa hiyo asiache uzazi wa mpango.

"Na hedhi ikishakoma mwaka mzima, halafu ukaona damu, hata tone, njoo upimwe haraka."

Nyumbani, Dafrosa alizunguka uani mpaka miguu ikachoka. Mwishowe akakaa karibu na Amon, akamwambia yote.

Amon aliweka jani la tumbaku chini.

"Kumbe ulikuwa unaumia? Nilijua umenichoka."

"Niliona aibu."

Safari ya Usinge ikafa. Siku ya kurudi zahanati walikwenda pamoja, na Amon aliuliza maswali mengi kuliko mkewe. Baada ya miezi kadhaa presha ilishuka. Dafrosa alikuwa amerudi chumbani kwao.

Joto halikuisha. Siku moja lilimpanda wageni wakiwa wamejaa sebuleni. Alianza kuhangaika kitini. Amon aliendelea na mazungumzo, huku akinyoosha mkono na kumfungulia dirisha.