Kura ya Ndugu Asahel

Kina mama wenzangu wa Kimormoni, na ninyi majirani msio wa kanisa letu, nisikilizeni wote. Uchaguzi wa Agosti unakaribia tena, nami silali.

Mwaka juzi Dada Thirza Pettibone alikuwa amekaa mlangoni akimenya njegere, kichanga chake Orpha mapajani. Mumewe, Ndugu Asahel, alikuwa akisomba majani makavu kwa maksai wa kuazima kwa jirani, Jubal Crowder, asiye wa kanisa letu. Mke wa Crowder ndiye aliyemzalisha Thirza.

Crowder alikuwa akigombea baraza la wilaya. Akapita pale. "Asahel, kura yako ninayo?"

"Unayo, jirani. Nikunyime wewe, nimpe nani?"

Wakapeana mikono.

Jumapili, kesho yake ikiwa siku ya kura, viongozi wetu wakatuambia mkutanoni sote tumpe mpinzani wa Crowder, eti ameahidi kutulinda na wanaotaka kutufukuza wilayani. Thirza akamvuta mumewe kando. "Baba Orpha, si ulimpa mtu neno?"

"Nikijitenga, ndugu wataniita msaliti."

Kwetu kura husemwa kwa mdomo mbele ya karani, kila mtu akisikia. Walevi mlangoni walituzomea: "Haya, kondoo! Leo mmefundishwa kulia vipi? Meee!" Crowder alisimama karibu, anatabasamu. Asahel akainamia viatu vyake, akataja jina la yule mwingine.

"Rudia, jirani," Crowder akasema. "Sijasikia vizuri."

Akarudia.

Mtu wetu akashinda, na hatukumwona tena. Septemba, wanaume wenye mienge wakawatoa akina Pettibone nje, wakachoma nyumba pamoja na mahindi. Mvua ikaanza, na Orpha ana homa. Wakakimbilia kwa Crowder.

"Mama, mtoto huyu umempokea kwa mikono yako!" Thirza alilia. "Mweke yeye tu ndani. Sisi tutakaa nje."

Mke wa Crowder akanyoosha mikono. Mumewe akamsukuma nyuma. "Waliokupangieni kura wawape na paa," akasema, akatia komeo.

Orpha alifia chini ya gari la ng'ombe. Walimzika kando ya barabara, maana shambani walikatazwa kurudi.

FUNZO

Baba, usimwahidi jirani kura ambayo mwingine atakuamulia. Viongozi, mnapotuswaga pamoja, mgombea huenda zake, sisi tunabaki na majirani tuliowaudhi. Na wewe uliyetia komeo, umkasirikie Asahel upendavyo. Orpha hakupiga kura.