Kopo Lililokuwa Likichakacha

Wiki nzima uvumi haukunitoka kichwani: yaya wa kwa mhasibu mstaafu kaiba kopo la viberiti la miaka mia na ushee. Bati kuukuu. Na kwa ajili ya bati hilo, yaya huyo, mama wa mtoto anayenyonya, akalazwa rumande.

Inspekta alifika kwa mstaafu asubuhi. Makopo mia mbili yalipangwa kwenye kabati la vioo, yamefutwa vumbi kuliko vikombe vya wageni. Nafasi moja ilikuwa wazi.

"Lilikuwa na kitu ndani?"

"Njiti kumi na moja, afande. Za asili."

"Nani aliliona mara ya mwisho?"

"Mimi na shemeji, naye anakusanya. Lakini shemeji ni mtu wa heshima. Yaya ndiye anayefuta vumbi."

"Kumbe kufuta vumbi ni kosa."

Mstaafu akatazama kabati lake.

Kwa shemeji, Inspekta alimkuta mwenyeji kakaa upande mmoja wa kiti kama kuku anayeatamia. Paja lake lilikuwa na bandeji.

"Umeumia, mzee?"

"Chai ilinimwagikia."

Konstebo aliyezunguka nyuma ya nyumba akarudi na suruali kutoka pipa la taka. Mfuko wa kulia ulikuwa umeungua, tundu la kupitisha ngumi.

"Chai gani hii inayounguza suruali kuanzia ndani?"

Shemeji akaifunika bandeji kwa kiganja.

"Njiti za siku hizi huwaka ukizikwaruza ubavuni mwa kiberiti," Inspekta alisema. "Za zamani zilikuwa za fosforasi nyeupe. Huwaka popote, hata kwenye funguo. Ziliwaozesha taya wafanyakazi wa viwandani mpaka zikapigwa marufuku. Miaka ishirini unakusanya, hukujua?"

"Mimi ni mtu wa makopo. Mambo ya njiti siyajui."

"Kwa nini ulizitoa?"

"Kopo lilikuwa linachakacha. Mwenyewe angenisikia nikitoka. Nikazimwagia mfukoni."

"Penye funguo."

"Penye funguo. Zikawaka niko barabarani."

"Uliiba kwa nini?"

"Yeye analo, mimi sina. Kila nikija ananionyesha."

"Na yaya?"

"Nilijua watamshika yeye kwanza."

Mchana yaya aliachiwa, blauzi imelowa maziwa. Mstaafu alipopigiwa simu kwamba kopo limepatikana kwa shemeji, aliuliza jambo moja tu: kopo limekwaruzika?

Wenzangu, epukeni haya:

Kuweka njiti za zamani nyumbani, hata kama ni pambo.
Kutia njiti yoyote mfukoni.
Kuacha mtoto anyonye kichwa cha njiti.
Kumpeleka yaya polisi kabla ya kumuuliza shemeji.