Ujumbe Usio na Miguu

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alipokewa kwa swali lile lile.

"Katibu, ofisi imefunguliwa?"

Aliyeuliza alikuwa bibi yake, fundi cherehani, huku amebana pini tatu mdomoni. Shuleni msichana huyo alikuwa na jina lake, lakini nyumbani jina hilo lilikuwa limeshapata likizo ndefu. Aliitwa Katibu kwa sababu yeye ndiye aliyeshika simu ya nyumba. Bibi aliweza kuona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara, ila herufi za kwenye simu alisema zimeandikwa na sisimizi walevi.

"Si urekodi sauti tu, Bibi? Unabonyeza hapa, unasema."

"Nishajisikia humo ndani. Kama kuku mwenye mafua. Andika."

Basi Katibu aliosha mikono, akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani, akafuta kioo cha simu kwa pindo la sketi. Kioo kilikuwa na ufa pembeni, umekaa kama unyoya. Bibi alisema, yeye akaandika, na ujumbe ukaenda kwa mama, aliyekuwa mbali akisomea ukunga. Kila ujumbe wa Bibi, uwe wa furaha au wa kulalamikia bei ya uzi, ulifungwa kwa maneno yale yale: *Na miguu hiyo uiloweke.* Maana mama alishinda wodini amesimama tangu asubuhi, na miguu yake ilikuwa myepesi kuvimba.

"Bibi, jana tumemwambia aloweke. Juzi pia."

"Kwani jana ulikula, leo hutakula? Andika miguu."

Mama alikuwa ameondoka miezi minane iliyopita. Sweta lake la kijani lilibaki limening'inia nyuma ya mlango. Mwanzoni Katibu alizamisha uso humo kila asubuhi, akavuta harufu ya mama, akaenda shule. Lakini harufu nayo huchoka kusubiri. Siku hizi sweta lilinukia mlango tu. Kilichobaki ni simu. Humo mlikuwa na sauti ya mama ya sekunde kumi na nne, akimwambia mwenzake kitu wodini, kisha akicheka. Hata hakujua kwamba alikuwa bado anarekodi. Katibu alikuwa akiisikiliza mpaka akajua ni wapi kicheko kinapanda na wapi mama anavuta pumzi.

Mwisho wa mwezi mama alikuwa aje. Katibu alikuwa akihesabu siku kwa chaki nyuma ya kabati, ambako Bibi hafagii.

Jumanne moja Bibi alikwenda nyumba ya tatu kumpimisha mteja gauni. Simu ikalia kidogo: ujumbe umeingia. Katibu akaufungua.

*Mama shikamoo. Mitihani yetu imewahishwa, inaanza kesho asubuhi. Anayekosa wa kwanza anarudia mwaka. Baada ya hapo tuna wiki sita za mazoezi wodini, kwa hiyo mwisho wa mwezi sitaweza kuja. Mwambie mwanangu taratibu.*

Wiki sita! Katibu aliusoma mara mbili, kana kwamba wiki zingepungua kwa kusomwa. Akatazama sweta. Akatazama alama zake za chaki. Halafu vidole vikaanza kwenda vyenyewe, vidole vilivyozoea kusema kwa niaba ya Bibi:

*Mwanangu, mimi ni mgonjwa sana. Siwezi kusimama. Njoo leo.*

Akatuma. Alama mbili zikatokea, zikageuka bluu. Mama ameshasoma.

Furaha yake haikumaliza hata dakika. Mtihani! Moyo ukaanza kupiga kama cherehani iliyoachiwa mwendo. Akaushikilia ujumbe kwa kidole, orodha ikatokea, akabonyeza haraka haraka palipoandikwa *Futa kwangu*. Ujumbe ukatoweka, akashusha pumzi. Kisha akayasoma tena yale maneno kichwani mwake. Kwangu! Alikuwa ameufuta hapa kwao tu. Kwa mama uongo ule ulikuwa umekaa vilevile, na sasa hata yeye mwenyewe aliyeutuma hakuweza tena kuushika auvute.

Simu ikaanza kuita. Mama. Katibu akaifunika kwa vipande vya kitambaa. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Kila ilipotetemeka, vitambaa vilitetemeka nayo, kama vimeficha mnyama.

Bibi alirudi akiimba. Akapanda juu ya kigoda ili atundike pazia la mteja alione linavyoanguka. Hakuwa bado ameshuka pale fundi viatu wa jirani alipoingia mbio, mkono mmoja umeshika nyundo, mwingine kiatu kisicho na soli.

"Bibi! Nimeambiwa unakata roho!"

"Nimekata nguo tu leo," Bibi akajibu kutoka juu. "Nani kaniua?"

"Binti yako kanipigia analia. Anasema umemwandikia huwezi kusimama, na simu yako haipokelewi. Yuko stendi, anapanda basi la saa kumi!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Bibi alishuka polepole. Hakumtazama fundi viatu. Alitazama rundo la vitambaa, ambalo wakati huo huo lilitetemeka, likatulia, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Katibu," alisema, "nani katoa barua bila sahihi yangu?"

Katibu alifumbua mdomo, yakatoka machozi badala ya maneno. "Haji, Bibi. Mtihani umeletwa kesho, na baada yake wiki sita. Sweta halinukii tena. Nikasema ukiumwa atakuja."

Fundi viatu akaanza, "Watoto wa siku hizi na hizi simu..."

"Wewe rudi kwenye soli," Bibi akamkatiza, "ahsante kwa mbio zako. Mjukuu wangu, njoo. Mimi si mgonjwa. Mgonjwa ni wewe. Sasa mpigie mama yako, umweleze ugonjwa wako mwenyewe, kwa mdomo wako mwenyewe."

"Atanichukia."

"Akose mtihani kwanza, ndipo utajua kuchukiwa. Piga!"

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Saa ilibakiza dakika nane. Mara ya tatu ikapokelewa, na kelele za stendi zikamwagika chumbani: honi, watu, injini.

"Mama? Mama, unapumua?" sauti ya mama ikauliza, ikidhani ni Bibi.

"Ni mimi, mama," alisema Katibu. "Bibi ni mzima. Alikuwa juu ya kigoda. Nimeandika mimi. Nilidanganya kwa sababu... nina hamu na wewe. Nina hamu mpaka nimeshindwa kuivumilia. Usipande basi. Nenda ukafanye mtihani."

Kule upande wa pili injini ilinguruma. Katibu alisikia pumzi ya mama tu, ile ile anayoijua, mahali pale mama anapovuta kabla ya kucheka. Safari hii kicheko hakikuja.

"Konda!" mama akaita kwa mbali. "Nishushie begi langu!" Kisha akarudi kwenye simu, sauti ikiwa imelowa. "Unajua kilichonitisha? Ujumbe haukuwa na miguu. Nikasema, kama mama yangu amesahau miguu yangu, basi kweli anakufa."

Bibi aligeukia pazia ghafla, akajifanya anatafuta pini.

"Nimekasirika sana, mwanangu," mama aliendelea. "Tena nina hamu na wewe mpaka usiku naota nakusuka nywele, naamka vidole vinacheza. Yote mawili ni kweli. Siku nyingine niambie hilo la hamu. Hilo naweza kulibeba mpaka kwenye mtihani. Lile jingine lilikuwa linaniangusha."

Siku ile ile Katibu alifukuzwa kazi. Bibi alijifunza kurekodi mwenyewe, na sauti yake ya kwanza ilikuwa dakika nne nzima, tatu kati yake zikiwa za "Imeanza? Hii imeanza?" Mama aliipenda kuliko zote. Akaomba atumiwe sauti za nyumba: cherehani, mvua juu ya bati, Bibi akigombana na pini. Kila jioni Katibu alirekodi kidogo, na mwishoni akasema mwenyewe, bila kuficha, "Mama, leo nina hamu nyingi," au "Leo nina hamu ya wastani." Hamu haikuisha, lakini ilipata mahali pa kukaa.

Wiki zikaisha moja moja, kwa uvivu wao. Jumamosi moja mlango ukasukumwa, mama akasimama kizingitini na begi lake, amefaulu, amechoka, viatu vimembana. Bibi akapiga kigelegele, akamketisha kigodani. Katibu hakukimbia kumkumbatia. Alikimbilia jikoni.

Akarudi na beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, akaliweka sakafuni, akapiga magoti, akamvua mama viatu, akamtia miguu majini.

Hapo ndipo mama alipocheka kile kicheko cha sekunde kumi na nne, kisha akalia, akamvuta mtoto mapajani na kumlowesha sketi nzima.

"Mnaona?" alisema Bibi, akikunja pazia la watu. "Kumtamani mtu si dhambi, mjukuu wangu. Dhambi ni kumvuta kwa kamba ya uongo, maana kamba hiyo humburuta mpaka na wewe ukaanguka. Ukiwa na hamu, sema hamu. Na simu haina kosa, hubeba unachoipa." Akatia uzi mdomoni, akaulowesha. "Haya, Katibu, nimekurudisha kazini. Njoo unitungie sindano."