Mwanapili na Tiba ya Mazungumzo

Asubuhi katika kambi ya wakimbizi, nje kidogo ya mji wa Mombasa, ilianza kwa foleni mbili. Moja ilikuwa ya maji. Nyingine ilikuwa ya zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa hema kuukuu lenye meza, mizani ya watoto na sanduku la dawa. Nyuma ya meza alikaa Mwanapili, muuguzi.

Mwanapili alizaliwa kisiwani Koyama. Alisomea uuguzi Kismayo, Somalia, akafanya kazi hospitali huko mpaka vita vilipoingia mwaka 1991. Wenye bunduki walimuua mumewe, Abdalla, mlangoni pa nyumba yao. Ndipo alipokimbilia Kenya pamoja na Wabajuni wengine, watu wa visiwa vile. Tangu afike, hakumsimulia mtu habari za mlango ule. Kazi ilikuwa nyingi, naye alishukuru kuwa ni nyingi.

Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa Rawda, mwanamke kijana kutoka kisiwa cha Chovae. Hakukosa kuja kila wiki.

"Leo nini, Rawda?"

"Kichwa, dada. Na kifua kinanibana."

"Vidonge nilivyokupa?"

"Nimevimaliza. Havinifai kitu."

Mwanapili alimpima. Homa hakuna. Presha ilikuwa sawa. Akampa vidonge vilevile.

Siku moja Rawda alikuja na mumewe, Bakri. Kwao Bakri alikuwa mvuvi. Hapa alibeba mizigo sokoni.

"Dada Mwanapili, vidonge basi," alisema Bakri. "Mke wangu amekuwa mtu mwingine. Halali. Akipata usingizi, anaamka akipiga mayowe. Mlango ukibamizwa, anajitupa chini. Akiteleka wali, anaukimbia mpaka unaungua. Watoto wanashindia chai. Majirani wasema ana jini. Kuna fundi wa majini atakuja amfunge kamba, amchape mpaka jini litoke."

"Na wewe umekubali?"

"Nifanye nini? Nimechoka."

Mwanapili aliwahi kusikia kwamba mtu akisema yaliyo moyoni hupata nafuu. Basi akamwambia Bakri angoje nje. Akamkalisha Rawda mbele yake.

"Nambie walikufanyia nini," alisema. "Yote. Usinifiche."

Rawda alitikisa kichwa.

"Sema, utapona. Sema!"

Rawda akaanza kutetemeka. Kisha akasimama, akapasua njia kati ya watu, akakimbia. Walimtafuta mpaka mchana. Walimkuta amesimama kwenye hori, mkono wa bahari karibu na kambi, maji yamemfika kifuani, na nguo zake zote mwilini. Hakujua amefikaje pale.

Bakri alirudi zahanati peke yake.

"Wewe na yule fundi mna tofauti gani?" aliuliza. "Yeye angemchapa kwa fimbo. Wewe umemchapa kwa maswali."



Kesho yake Mwanapili alikwenda hospitali kubwa ya mjini. Aliomba kuonana na daktari wa magonjwa ya akili. Akapelekwa kwa Daktari Dalila, mwanamke mfupi, mwenye mafua na maneno makavu. Mwanapili akamweleza kila kitu.

"Nani alikutuma umkamue?" aliuliza daktari.

"Nilitaka ayatoe, apumue."

"Kidonda kibichi hukitumbui ili kipone. Kwanza mtu ajue yuko salama. Alale. Ale. Aelewe mwili wake unafanya nini, na kwa nini. Hadithi yake ni mali yake. Akitaka, ataitoa kidogo kidogo. Asipotaka, asiitoe, na bado anaweza kupata nafuu."

"Basi hana wazimu?"

"Hana. Mwili wake ulijifunza kuogopa ili umwokoe. Hatari imepita, lakini mwili haujapata habari. Mumewe akitaka kumsomea dua, amsomee. Kamba na fimbo, hapana."

Daktari akapenga kamasi, akamtazama.

"Na wewe? Unalala?"

Mwanapili alitaka kusema ndiyo. Badala yake alijisikia akilia. Akataja jina la Abdalla, akataja mlango. Daktari hakumwambia anyamaze. Hakumwambia ashukuru kwa kuwa yeye yu hai. Alikaa tu, akasikiliza mpaka Mwanapili akatulia.

"Hii ndiyo kazi yenyewe," alisema. "Ukiitaka, njoo kila Alhamisi. Nitakufundisha."

Mwanapili alikwenda zaidi ya mwaka. Kambini hapakuwa na Mbajuni aliyewahi kufanya kazi ile. Wanaume walimwita mganga wa maneno, wakacheka. Fundi wa kamba hakucheka. Alipita akiwaambia watu kwamba mwanamke yule anaita majini.

Mlango wa kwanza aliobisha, wiki ileile ya kwanza, ulikuwa wa Bakri na Rawda.

"Nilikosea," aliwaambia. "Sitakuuliza lolote, Rawda. Nimekuja kukaa. Na wewe Bakri, kamba na fimbo za fundi, hapana."

Alikaa siku hiyo, na nyingine, na nyingine. Alimfundisha Rawda jambo la kufanya hofu inapomjia. "Kanyaga chini kwa nguvu. Toa pumzi polepole. Taja vitu unavyoviona."

"Mkeka," alisema Rawda. "Sufuria. Mguu mchafu wa Bakri."

Wote watatu wakacheka. Bakri hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia mkewe akicheka.

Naye Bakri alikuwa na la kujifunza. "Akiamka kwa mayowe, usimshike kwa nguvu," Mwanapili alimwambia. "Mwite jina. Mwambie wewe ni nani, na hapa ni wapi. Na akisema anataka kufa, usimkemee. Msikilize, usimwache peke yake, na uniite mara moja."

Ikajulikana pia kwamba Rawda aliwaogopa askari wa langoni kwa sababu ya bunduki zao. Basi Mwanapili akawa anakwenda naye kuteka maji, maana foleni ilipita mbele yao. Bakri akashika jiko. Jirani zake walimcheka. Yeye aliwaambia kwamba watoto wake wamekula, na wao waendelee kucheka.

Miezi ikapita. Siku moja wanawake hao wawili walikuwa wamekaa kivulini wakichambua dengu. Rawda akaanza mwenyewe.

"Walimuua baba yangu uani. Kisha wakaniambia niwapikie. Nikawapikia wali. Mmoja akala, akasema nimeupika vizuri. Akataka aongezwe. Dada, nikamwongeza."

Mwanapili hakukimbilia kusema pole.

"Ulipika ili uishi," alisema baadaye.

"Najua. Lakini ulikuwa mtamu kweli. Hilo ndilo linaloniua."

Wakaendelea kuchambua dengu. Rawda alilia, akajifuta, akalia tena.

Tangu hapo alianza kulala. Kichwa kilimuuma mara moja moja. Alirudi jikoni, akakaanga samaki, akapika mikate na mchuzi. Wali hakuupika tena, na Mwanapili hakumlazimisha. Wanawake wengine walipomwona Rawda, nao wakaja. Fundi wa kamba akakosa watu.

Kisha ikatoka amri ya serikali kwamba kambi inafungwa. Watu warudi visiwani, kuna amani.

"Amani ya nani?" aliuliza Bakri. Hakujibiwa. Yeye, Rawda na watoto wakapakiwa na wengine, wakarudishwa Chovae.

Mwanapili alibaki Mombasa. Alipanga chumba pamoja na Zakiya, mwanamke wa kambini ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi hii. Wagonjwa waliwafuata hukohuko.

Haikupita muda mrefu, akaja msafiri kutoka visiwani, jina lake Badi. Alikataa chai.

"Wenye bunduki wameingia Chovae tena," alisema. "Bakri wamemuua."

Mwanapili aliweka birika chini.

"Rawda?"

"Yu hai. Watoto pia. Alipiga kelele siku nzima, watu wakataka kumfungia ndani. Akawakataza mwenyewe. Akawaambia, 'Sina jini. Nina msiba. Kaeni nami.' Wakakaa. Sasa wanawake wa pale wanakwenda kwake kila alasiri, kila mmoja na lake. Anawafundisha kutoa pumzi polepole."

Mwanapili alikaa chini, akajifunika uso kwa leso. Zakiya akatoka kwenda kuwaambia wanawake waliokuwa wakingoja kwamba leo hakuna kazi, kuna msiba. Hawakuondoka. Walivua viatu, wakaingia mmoja mmoja, wakakaa naye.