Ti-Re-Fa, Baba Yupo

"Hii ti-re-fa ni nini, Mackrine?"

Mzee Placidius alikuwa ameishika simu ya binti yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika bakuli la uji wa moto. Mackrine alikuwa ameiacha ikichaji kwenye sola, akaenda kuteka maji. Akaitua ndoo polepole.

"Ni masomo ya kinanda, Tata."

"Kinanda gani kinapigwa kwenye simu?"

Mackrine na Sibomana, mpiga kinanda wa kanisa lao pale Nyakakika, walijiona wajanja kweli. Waliogopa kuandikiana mapenzi waziwazi, wakaandikiana nota za kwaya. Wakasahau kwamba mzee huyu alifundisha kwaya miaka thelathini, na nota anazisoma kuliko gazeti. Za mwizi arobaini, zao hazikufika hata ishirini.

Masomo yenyewe yalikuwa ya kweli. Miezi minne Sibomana alimfundisha kodi za maina, ile ngazi ya huzuni inayoanzia la; kodi si ile ya serikali, bali sauti tatu zinazobonyezwa pamoja. Unashika la, unaruka moja unashika do, unaruka moja unashika mi. Kisha unahamia ti, unafanya vilevile, mpaka zinatimia saba.

"Tatu zinalia, tatu zinacheka, moja inaogopa," Sibomana alimwambia siku moja, akikiongoza kidole cha Mackrine kwenye ti ya ti-re-fa, iliyo ya woga. Mkono wake ulichelewa sana kutoka juu ya kidole hicho. Tangu hapo la-do-mi ikawa niko nyumbani, re-fa-la nimekukumbuka, mi-so-ti njoo. Na ti-re-fa: baba yupo.

Mzee alikuwa ameruhusu masomo kwa sharti moja. Kinanda tu. Akisikia kingine, Mackrine atahamia kwa shangazi yake Isingiro, na Sibomana asikanyage tena ua ule. Wazazi wa kijana walitoka Burundi, wakawa wanalima mashamba ya watu, na mzee hakuficha kwamba alitaka mkwe ambaye ukoo wake anaujua mpaka kwa babu.

"Na hii mi-so-ti, unayoiandika kila nikitoka, ndiyo unamwita?"

"Ndiyo, Tata."

"Mnakosea. Mi-so-ti haiiti mtu. So unaipandisha nusu, inakuwa se. Ukipiga mi-se-ti, hakuna anayetulia mpaka urudi nyumbani, kwenye la."

Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu: *m se t*. Akatuma. Simu akaitia mfukoni, akamwambia binti yake akamenye ndizi. Yeye akauchukua mundu wa kupogolea migomba, akaketi barazani kuunoa.

Mackrine alimenya huku machozi yakimtoka. Kila jiwe lilipopita kwenye mundu, kisu chake kilisimama. Simu hana, na Sibomana anakuja akidhani kaitwa na mpenzi. Pikipiki iliposimama kule barabarani, woga ukamfundisha la kufanya. Akaimba kutoka jikoni, kwa nguvu zote, ti, re, fa.

"Fa yako iko chini," baba yake alisema bila kugeuka.

Nyayo zikasimama kati ya migomba. Mackrine akafumba macho, akaomba zirudi zilikotoka. Zikaja mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Wewe, mzee."

Jiwe likatulia juu ya mundu.

"Umejuaje?"

"Se sijamfundisha bado. Nilipanga Jumamosi."

"Na ti-re-fa hukuisikia?"

"Nimeisikia." Sibomana akasogea hatua moja mbele. "Naogopa mpaka sasa, mzee. Lakini nampenda Mackrine, na njia ya kumpata ni hii inayopita mbele yako."

Mackrine alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na ndizi iliyomenywa nusu, hawezi kwenda mbele wala kurudi.

"Ukoo wako siujui," mzee alisema. "Ila waliosikia hatari wakageuza njia, nimewaona wengi, na ukoo wao niliujua mpaka kwa babu."

Akaingia ndani na mundu wake. Aliporudi hakuwa nao. Alishika kikasha cha kahawa za kutafuna, zile ambazo katika nyumba ile hapewi mtu wa njiani, hupewa aliyepokelewa. Akamwambia Sibomana awalete wazee wake Jumapili baada ya misa, pamoja na mshenga, kisha akammiminia kahawa kiganjani. Punje mbili zikamponyoka kijana, zikaanguka chini.

"Okota," mzee akasema. "Kahawa ya ukweni haimwagwi."

Sibomana akapiga magoti kuokota. Mackrine naye akaketi pale pale kizingitini, akalia kwa sauti, na safari hii hakujali nani anamsikia.