Kwa Nini Fundi Barría Alikuwa Ghali

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Noelia hugusa chuma cha ukutani kinachopasha joto chumba chake. Wiki ile ya Julai, katikati ya majira ya baridi, kilikuwa vuguvugu tu, ingawa boila ya gesi jikoni, inayochemsha maji ya vyuma hivyo, ilinguruma mchana na usiku. Nje, upepo wa Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, ulitikisa mabati utadhani unataka kuyang'oa.

Bibi yake alishinda jikoni, kajifunika blanketi, kiti kakisogeza karibu na boila.

"Kichwa hiki!" alilalamika. "Nikitoka nje kinatulia. Nikirudi humu, kinaanza upya."

Jumamosi alikuja fundi kijana, Ojeda. Alichungulia akiwa mlangoni, hata kifuniko cha boila hakufungua.

"Pampu ya kusukuma maji ya moto imekufa, mama. Peso laki mbili, leo leo nyumba inawaka joto."

Mama yake Noelia, Bi Edith, alifurahi. Hata hivyo alikuwa ameshamwita fundi mwingine, Bwana Barría, akaona si vizuri kumrudisha bila kumsikiliza. Barría alifungua kifuniko, akamulika kwa tochi, akapanda hadi darini. Aliposhuka alitaja laki nane.

"Laki nane!" Bi Edith alimaka. "Wewe unatengeneza boila au unajenga nyumba? Mwenzako kasema laki mbili!"

Barría akaanza kukusanya vifaa vyake. Noelia alitamani kusema, lakini aliogopa. Mwishowe maneno yakamtoka.

"Fundi, hizo laki nane ni za nini na nini?"

"Noelia! Watu wazima wanaongea," mama yake akamkaripia.

"Mwache, mama. Kauliza la maana," alisema Barría. "Ni pampu, bomba la moshi na vyuma vinne vipya vya ukutani. Njoo uone."

Alimwonyesha masizi meusi ndani ya boila. Bomba la kutolea moshi lilikuwa limeoza kwa kutu, lina tundu la kupitisha kidole.

"Pampu ni kweli imekufa. Lakini moshi wa gesi unarudi humu ndani. Una sumu isiyo na harufu, nayo inaua."

Noelia akamgeukia Bibi. "Mama! Ndiyo maana kichwa cha Bibi kinapoa akitoka nje!"

Barría akazima boila papo hapo, na Bi Edith akakimbilia kufungua madirisha. Bibi alipelekwa kliniki, kisha wote wakahamia kwa jirani.

Kabla ya kazi kuanza, Bi Edith naye aliuliza, safari hii kwa upole. "Na vyuma vya ukutani, vyote vinne vibovu?"

"Vibovu hapana. Vizee tu."

"Basi mwache mzee mwenzao avitumie," Bibi akadakia. Barría akacheka, akaviondoa kwenye hesabu. Zikabaki laki tano.

Jumanne jioni walirudi nyumbani. Vyuma vilikuwa vya moto. Bibi akavua blanketi, akaomba chai, na kichwa hakikumuuma tena.

Bi Edith alimvuta binti yake kifuani.

"Nilikukaripia bure, mwanangu. Mimi nilitazama bei tu. Huyu wa laki mbili angetuacha na moshi, na huyu wa laki nane angetuuzia tusichohitaji. Kuanzia leo, mtu akitutajia bei, tutamuuliza ni ya nini kabla hatujakubali wala kukataa. Na wewe usiogope kuuliza, hata mbele yangu."