Nta ya Mwinyimvua

Zamani zile, bunduki zilipokuwa bado adimu pwani na vita vikipiganwa kwa mikuki na majambia, mji wa Mtangani ulikuwa na mkaguzi wa dawa aliyeitwa Mwinyimvua wa Shali. Hapakuuzwa mtungi wa dawa sokoni, wala haukupita langoni, mpaka uzibwe kwa nta yenye alama yake. Mtu akishaiona alama ile alikunywa bila kuuliza.

Mwaka huo mtemi mmoja wa bara aliifunga njia ya misafara, na Jemadari Hamdu akaamriwa kwenda na watu mia mbili kulishika boma la Kirurumo, kando ya mto wenye homa kali. Mfanyabiashara mmoja mgeni, Sururu, akaleta mitungi arobaini ya dawa ya homa. Alikuwa na kilemba cha hariri na ulimi mtamu. Mbele ya wakuu wa mji alimwita Mwinyimvua bahari ya elimu, akasema haoni haja ya jicho la mtu kama yule kuhangaika na mtungi mmoja mmoja. Mwinyimvua alivimba kichwa. Akaizibia nta mitungi yote arobaini pasipo kufungua hata mmoja, kisha akafuatana na jeshi awe mganga wao.

Walipofika Kirurumo, adui aliwazingira. Siku ya nne homa ikaingia bomani, mitungi ikafunguliwa. Waliokunywa walishikwa na msokoto wa tumbo, wakatapika damu. Tisa walikufa kwa siku mbili. Watu walisema homa ya mto ule ni mbaya, na Mwinyimvua naye akasema hivyo hivyo, ingawa moyo wake ulikwisha kumshtaki.

Asubuhi ya siku ya sita alimwinamia askari mmoja, Ngwali, aliyekuwa akikata roho. Ngwali alimshika mkono, akamshukuru kwa kuwaletea dawa. Mwinyimvua alipoinuka alichovya kidole katika mtungi, akakiweka ulimini. Ulimi ukawaka. Ilikuwa chokaa iliyotiwa manjano na utomvu wa mti wa sumu.

Nje wagonjwa thelathini walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na kata yake mkononi. Alisimama mlangoni, akafikiria kunyamaza, wazo ambalo hakujisamehe kwalo kamwe. Halafu akaupindua mtungi.

"Msinywe," alisema. "Ni sumu. Niliipitisha bila kuionja."

Wagonjwa waliishusha mikono wakamtazama, na macho yale yalimchoma kuliko mkuki.

Jemadari Hamdu alikuja, akaisikia habari yote. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Bila dawa hatuwezi kulishika boma hili. Tutatoka leo, nawe utabeba machela ya wagonjwa pamoja na wapagazi," alimwambia. "Nataka watu wangu waone ni nani anayewabeba."

Siku hiyo, jua likiwa utosini, askari walitoboa ua wa miiba upande wa mto, wakatoka wakipigana, na boma likapotea. Mwinyimvua alibeba machela mpaka mabega yakachubuka.

Waliporudi Mtangani, Sururu alikamatwa, bidhaa yake ikamwagwa hadharani, naye akafukuzwa. Mwinyimvua alizunguka nyumba kumi za waliokufa kwa dawa ile akisema kosa lake mwenyewe. Mama yake Ngwali, Mwana Saumu, alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini hukuonja, baba?" aliuliza kwa upole.

Kusema kwamba alisifiwa akasahau kazi yake, mbele ya mama yule, Mwinyimvua hakuweza. Aliondoka ameinamisha uso.

Kuanzia hapo palikuwa na sheria: kila dawa inywewe kwanza na mkaguzi mwenyewe, kisha ingojwe siku tatu ndipo iuzwe. Mwinyimvua ndiye aliyeiomba, na aliitii miaka kumi na minane, mpaka tumbo lake likaharibika.

Mwandishi wa kitabu cha tarehe za mji alikataa kuandika habari za nta, mji usije ukaaibika. Aliandika kwamba Kirurumo ilianguka kwa homa, na kwamba Mwinyimvua wa Shali, mlinzi wa wanunuzi, ndiye aliyetunga sheria ya kuonja kwa hekima yake. Kila Ijumaa maneno hayo yalisomwa msikitini mbele ya watu. Mwinyimvua alikaa safu ya nyuma, akijifunika uso kwa shuka, na waliomwona walidhani ni unyenyekevu.